Panapo Majaliwa

  Vuta kiti, msikilizaji wangu; ya leo yanakuhusu nawe, hata ukiwa wa dini nyingine.

Kila nifikapo mwisho wa mazungumzo haya huaga kwa maneno mawili: panapo majaliwa. Nawe unayasema, kwa namna yako. Ukimwahidi mtu jambo la kesho unaongeza "Mungu akipenda". Jirani yako Mwislamu anasema "inshallah". Marehemu bibi yangu, ukimwambia tutaonana asubuhi, alijibu "tukijaliwa kuamka", kisha akazima kibatari. Watoto wetu tunawapa hata jina la Majaliwa. Lugha yetu imekiri siku nyingi kwamba kesho si mali yetu.

Leo nataka kuungama jambo. Kwa miaka mingi niliyatamka maneno hayo huku ratiba ya wiki nzima imeshapangwa saa kwa saa, na ole wake atakayeigusa. Mdomo ulikuwa umemwachia Mungu, mikono ilikuwa bado imeshika usukani. Kuachia nilikuja kujifunza nikiwa mtu mzima, na aliyenifundisha ni jumuiya, ile ya Jumamosi asubuhi, ya majirani wasiozidi ishirini. Ndiyo maana sitayatenganisha mambo haya mawili: maisha ya jumuiya, na kumkabidhi Mungu maisha yetu. Kwangu mimi yamekuwa somo moja.

Kwa asiyejua, nieleze. Kwetu Wakatoliki wa Tanzania, chini ya parokia kuna vigango na kanda, na chini ya hizo kuna Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Jumuiya ni nyumba za jirani, labda kumi, labda ishirini, chini ya mtakatifu mmoja msimamizi. Yetu hukutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kila wiki kwa mwanajumuiya mwingine. Ukiwahi unakuta uani pamefagiliwa, mistari ya ufagio bado inaonekana mchangani. Jamvi limetandikwa, viti vya plastiki vimeazimwa nyumba ya pili, na juu ya meza ndogo yenye kitambaa cheupe kuna msalaba, mshumaa na Biblia. Tunaimba. Tunasoma Injili ya kesho yake, tunanyamaza, kisha kila aliye na neno lililomgusa analisema. Zinatolewa nia: mtoto ana mtihani wa darasa la saba, kiwanja kina kesi, mume yuko safarini na simu haipatikani. Baadaye michango na matangazo, tunafunga kwa sala, na kila mtu anaelekea kwenye riziki yake.

Mpango huu una historia. Maaskofu Wakatoliki wa nchi zetu hukutana katika umoja wao uitwao AMECEA, ulioanzishwa mwaka 1961. Mwaka 1973, jijini Nairobi, walikubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya za pale pale watu wanapoishi na kufanya kazi. Mwaka 1976 wakarudi Nairobi na kulifanya jambo hilo kuwa mada ya mkutano, na mwaka 1979, huko Zomba nchini Malawi, wakakaa kupima walikofikia. Halafu mwaka 1994 Sinodi ya Afrika, iliyofanyika Roma, ikaliita Kanisa Familia ya Mungu.

Sasa tafakari uzito wa uamuzi ule. Kwa wazee wetu, Kanisa lilikuwa misheni: jengo kubwa, kengele, na padri ambaye neno lake ndilo la mwisho. Kusema kwamba mama anayeuza mchicha atafungua Biblia uani kwake na kuwaongoza majirani katika sala, padri akiwa hayupo, kulimtaka padri aachie kitu. Kulimtaka amwamini Mungu kwamba anaweza kufanya kazi mahali ambapo yeye hayuko kusimamia. Jumuiya zetu zimezaliwa kwa kuachia.

Na mimi, msikilizaji, nilizipokea kwa mikono iliyofumbwa.

Nilichaguliwa katibu kwa sababu mahesabu ndiyo kazi iliyonilisha. Nilinunua kaunta buku, nikalifunika kwa gazeti, nikachora safu kwa rula: jina, mahudhurio, zaka, ujenzi wa parokia, mfuko wa wagonjwa. Aliyetoa nilimwandikia kiasi chake. Asiyetoa nilimwekea kistari kwa kalamu nyekundu. Mwisho wa mwezi nilisimama na kuisoma orodha kwa sauti. Mtu akija kuomba barua ya jumuiya, kwa ubatizo wa mtoto au kwa ndoa, nilifungua daftari kwanza nikahesabu vistari. Shilingi ya mtu haikupotea mikononi mwangu, na paroko alizisifu hesabu zangu. Lakini alikuwapo mama mmoja mjane, wa nyumba ya mwisho kabla ya kushuka bondeni, ambaye mstari wake ulikuwa mwekundu kutoka ukingo hadi ukingo. Jumamosi moja hakuja. Wala iliyofuata. Niliandika "hayupo", nikaendelea na ajenda.

Hakuna aliyenituma kumwuliza, na mimi sikujituma.

Najua manung'uniko yanayosemwa mitaani, kwamba jumuiya zimegeuka vituo vya kukusanyia michango, kwamba mtu anakumbukwa siku ya harambee na kusahaulika siku ya njaa. Siwezi kuyakana, maana mahali pengine aliyeyasababisha ni mimi na walio kama mimi. Kanisa linahitaji fedha, na mabati ya kigango hayaezekwi kwa nyimbo. Tatizo langu lilikuwa jingine. Nilikuwa nimepewa watu, nikawageuza kuwa safu za daftari, kwa sababu safu ya daftari haikushangazi. Inakaa pale ulipoiweka.

Halafu ikaja Jumanne moja. Pikipiki iliyonibeba iligongwa ubavuni na gari lililochomoza kutoka barabara ya vumbi. Nilivunjika mfupa wa paja. Mke wangu alikuwa mkoani akimwuguza mama yake, watoto walikuwa shuleni bweni, na mimi nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye lami, nikitafuta kwa macho zile nyaraka za ofisini zilizokuwa zimetawanyika.

Kabla jua halijazama, mwenyekiti wetu alikuwa ameshafika wodini. Ni mama anayekaanga vitumbua kituo cha daladala, na siku hiyo alikuja na aproni yake bado ina unga. Mkononi alikuwa na chupa ya chai na karatasi yenye zamu: nani analala na mgonjwa, nani analeta chakula, nani anakaa nyumbani kwangu kulisha kuku. Hakuna lolote aliloniuliza. Nikaanza kumwelekeza pale pale, na maumivu yote yale: ufunguo wa stoo uko wapi, kuku wapewe pumba kiasi gani, daftari la jumuiya lisitoke kabatini. Akaniwekea kiganja kifuani, akasema, "Katibu, tulia. Watu wapo."

Watu wapo. Nimesikia mahubiri mengi juu ya kujikabidhi kwa Mungu, na sikumbuki moja lililoniingia kama maneno yale mawili.

Wiki ya pili, Jumatano, aliyeingia na chupa ya uji alikuwa yule mjane. Alikuwa amerudi jumuiyani aliposikia kuna mgonjwa. Akamimina uji wa ulezi kwenye kikombe, akadondosha tone nyuma ya mkono wake kupima joto, kisha akaniinua shingo taratibu kama anayemnywesha mtoto. Daftari hakulitaja. Alipomaliza alinipangusa midomo kwa pindo la kanga yake, akaniuliza kama mto uko sawa. Nilijibu uko sawa, nikageukia ukutani, kwa kuwa machozi yalikuwa yamenitangulia.

Usiku ule nilijitambua. Nilikuwa nimejua kutoa maisha yangu yote, kupokea sikujua. Na mtoaji, msikilizaji, bado ndiye mwenye kuamua: atoe lini, kiasi gani, ampe nani. Anaweza kutoa sana na bado asiachie chochote. Anayepokea hana uchaguzi huo. Uji unakuja saa aliyeuleta alipopata nafasi, una sukari anayoijua yeye, na unaunywa. Katika Injili ya Marko, sura ya 2, yupo mtu aliyepooza aliyebebwa na wanne, wakatoboa paa na kumshusha mbele ya Yesu. Tunasifu imani ya wale wanne, na Injili yenyewe inaitaja. Mimi tangu siku hizo namfikiria yule aliyelala kwenye godoro: jinsi alivyopaswa kukubali kamba, kukubali vumbi la dari, kukubali kuning'inia mbele ya umati mzima akiwa hana hata neno moja lililoandikwa. Kukubali kwake kubebwa nakuhesabu kuwa imani.

Kuna sala maarufu ya kujiachilia mikononi mwa Mungu, inayosaliwa na Wakristo wengi duniani, iliyotokana na maandishi ya Charles de Foucauld. Huyu alikuwa Mfaransa, mtoto wa ukoo wenye mali, askari, kisha mtawa aliyekwenda kuishi Tamanrasset, katikati ya jangwa la Algeria, miongoni mwa Watuareg, ambao ni Waislamu. Alikwenda kuwahudumia. Aligawa chakula, aligawa dawa, akasoma lugha yao mpaka akaitungia kamusi. Kisha, mwanzoni mwa mwaka 1908, akaanguka kwa ugonjwa. Ukame ulikuwa umekausha nchi, akiba yake ameshaigawa, na kitandani hawezi hata kusimama. Majirani zake Waislamu wakaenda huku na huko kwenye mbuzi waliokonda, wakakamua kilichopatikana, wakamletea maziwa. Akapona kwa maziwa ya watu aliodhani amekuja kuwaokoa yeye.

Alikuwa pia na mpango mkubwa. Aliandika kanuni za shirika la ndugu alilotamani liishi pamoja naye jangwani. Alipouawa, tarehe 1 Desemba 1916, hakuwapo ndugu hata mmoja aliyekuwa amebaki naye. Mtu wa mahesabu angemwekea kistari chekundu. Lakini baada ya miaka wakatokea Ndugu Wadogo wa Yesu, wakatokea Masista Wadogo wa Yesu, na tarehe 15 Mei 2022 Papa Fransisko akamtangaza kuwa mtakatifu. Mavuno yalikuja shamba likiwa halimo tena mikononi mwake.

Sasa nisieleweke vibaya, maana neno hili la kumwachia Mungu lina vichaka vyake.

Kichaka cha kwanza ni hasira. Sikiliza tunavyolitumia. Mtu kadhulumiwa, anakunja uso, anasema "namwachia Mungu". Mara nyingi tunamaanisha: Mungu ampige, na mimi nipo hapa nasubiri kuona. Hapo hatujaachia kitu. Tumemkabidhi Mungu fimbo na kumwonyesha wa kuchapa.

Kichaka cha pili ni uvivu. Wahenga walisema jitihada haiondoi kudura, na walisema kweli. Mimi naongeza kwamba kudura nayo haiondoi jitihada. Nilimkabidhi Mungu mguu wangu, na daktari akautia chuma. Nilisali, na nikafanya mazoezi ya magongo hadi kwapa zikachubuka. Mtume Yakobo, katika sura ya 4 ya barua yake, anawaonya wafanyabiashara wanaopanga mji wa kwenda, muda wa kukaa na faida ya kupata kana kwamba wameishika kesho mkononi. Hawaambii waache kusafiri wala kuuza. Anawataka waseme kwanza, Mungu akipenda. Safari iendelee, ila waisafiri kama watu waliopewa ruhusa.

Kichaka cha tatu ndicho cha hatari, na kimeua watu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto pia, wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwafundisha wajinyime chakula mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Wengine waliacha kazi na kuuza mali. Wao walidhani wanajikabidhi kwa Mungu. Nimelia kwa ajili yao, na nimejiuliza: nitamwambiaje msikilizaji wangu tofauti ni ipi?

Nitakwambia ninavyoiona. Anayekwambia umwachie Mungu, tazama anakupeleka wapi. Akikutenga na mama yako, na majirani, na shule ya mtoto, na hospitali, na kila anayeweza kukuuliza swali, jua hapo hujakabidhiwa kwa Mungu, umekabidhiwa kwa mtu. Mungu akikutoa usukani mkononi hakufichi msituni. Anakuketisha kwenye jamvi, kati ya watu wanaokujua tangu ulipohamia, wenye ruhusa ya kukwambia "katibu, hapo umekosea". Jumuiya ni shule ya kujikabidhi, na ni ulinzi dhidi ya wanaotaka kujinyakulia kile unachomkabidhi Mungu.

Bwana mwenyewe ametuonyesha. Usiku wa Gethsemane, usiku ambao mapenzi yake aliyaweka chini ya mapenzi ya Baba, alichukua rafiki watatu, Petro, Yakobo na Yohane, akawaomba wakeshe naye. Katika saa ile hakutaka kuwa peke yake. Walisinzia. Aliwarudia, akawakuta wamelala. Akaenda kusali, akarudi tena, wamelala. Huyo ndiye Bwana wetu, akijikabidhi kikamilifu kwa Mungu na bado akiwarudia watu waliomwangusha. Basi usiniambie jumuiya yenu ina wasengenyaji ndiyo maana umeacha kwenda. Yetu inao pia. Nilikuwamo mimi.

Nilirudi jumuiyani baada ya miezi mitatu, kwa magongo, Jumamosi moja yenye manyunyu. Walikuwa wameniwekea kiti chenye mikono karibu na mlango. Mwenyekiti akanirudishia daftari. Nilikuwa nimejiandaa kwa makosa, na makosa yalikuwapo: safu zimepinda, tarehe moja imerukwa, wino wa aina tatu. Fedha zilikuwa zimetimia. Kisha nikafika kwenye safu ya mfuko wa wagonjwa, mahali nilipokuwa nikiweka vile vistari, nikakuta mwandiko wake mkubwa wa mtu aliyeacha shule mapema. Penye jina la kijana asiye na kazi ameandika: "amebeba maji." Penye jina la bibi yetu mkongwe kuliko wote: "ameomba rozari." Penye jina la mjane wa bondeni, Jumatano nne mfululizo: "uji kwa katibu." Safu nzima haikuwa na kistari hata kimoja.

Nikafungua kurasa za nyuma, zile zangu, nikautazama ule wekundu. Ni mangapi yalitendwa Jumamosi zile zote ambayo rula yangu haikuyaona?

Niliomba nafasi kabla ya sala ya mwisho. Nikamwomba msamaha yule mama, mbele ya wote. Alicheka kidogo kwa haya, akasema, "Yalishapita hayo, baba. Mguu unaendeleaje?" Na mvua ikazidi, tukasogea wote chini ya paa, tukabanana, mtoto wa mtu akakaa kwenye mguu wangu mzima.

Msikilizaji, sina mahubiri makubwa ya kukuachia. Wiki hii, kama una jumuiya, nenda, na uende siku ambayo hukupanga kutoa chochote. Kama ni Mlutheri, Mwanglikana, Mpentekoste, mnayo makundi yenu ya nyumba kwa nyumba, nenda huko. Na kama kuna mzigo unaobeba peke yako kwa sababu hutaki mtu aone uani kwako palivyo, fungua mlango. Mruhusu jirani afagie. Mruhusu atie sukari anayoijua yeye. Huenda ndivyo Mungu alivyoamua kukushika.

Kaunta buku lile bado ninalo, nimechaguliwa tena kuwa katibu. Zaka naiandika kama zamani, maana uaminifu katika fedha ni ibada pia. Ila kalamu nyekundu niliiacha. Na kila Jumamosi, kabla sijaandika jina la mtu, humtazama kwanza usoni.

Muda wangu umeisha. Mungu akulinde wewe na nyumba yako. Tukutane tena wiki ijayo, saa hii hii, panapo majaliwa.